Baba wa babu alikuwa baharia asiye na dini: nimfuatilieje?

Mjukuu wa Mvumi

Mbukwenyi wakuu. Mwezi uliopita tulibomoa tembe la bibi huku Mvumi, na chini ya kitanda tukakuta sanduku la chuma la baba wa babu yangu. Nguo zote mchwa wamemaliza. Kimebaki kitabu kidogo chenye jalada la buluu na nusu ukurasa wa gazeti la Kiingereza.

Bibi ni mkwewe, ndiye aliyempikia uji hadi siku zake za mwisho. Anasimulia kwamba Waingereza walipoingia Dodoma, Julai 1916, mzee alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi. Vita ikaisha, hakuonekana. Nyumbani wakaipita njaa ya Mtunya wakijua amekufa, matanga yakaanuliwa. Miaka mingi baadaye akashuka kwenye treni na sanduku hilo begani, akasema alikuwa baharini, kazi yake kutia makaa kwenye tanuri za meli.

Habari za bahari ndugu walizipokea. Walichoshindwa kupokea ni kwamba alirudi hana dini na hataki kuwa nayo. Kanisani hakwenda. Kwa Waislamu wa mjini alikunywa kahawa, kukiadhiniwa anaaga. Hata tambiko la mvua alilikataa! Mwaka mmoja wa ukame wazee walikuja kumwomba ng'ombe mweusi. Akawajibu kwamba ameona mvua ikinyesha katikati ya bahari pasipo mtu wa kuiita. Ila kama kuna wenye njaa, wamchukue ng'ombe wamchinje wale. Wakaondoka mikono mitupu. Kwa Ugogo, hilo si jambo dogo.

Babu alipobatizwa ukubwani, kwenye daftari la kanisa mahali pa jina la baba waliandika "hana dini", basi. Na ukoo ukisomwa msibani, wanatoka kwa babu wanarukia kwa baba wa mzee huyu, kana kwamba katikati hapakuwa na mtu. Hilo ndilo linaloniuma.

Majina ya meli kitabuni yamefutika. Mstari mmoja ndio unaosomeka: namba ya tarakimu sita inayoanza na 13 (ya mwisho siioni vizuri), mwaka 1925, London, na mihuri miwili ya herufi VG. Kwenye gazeti juu kuna The Freethinker, halafu Chapman Cohen. Huyo ndiye nahodha wake? Nianzie wapi? Shangazi anataka sanduku lichomwe pamoja na miti ya tembe.

Karani Mstaafu

Mjukuu, shangazi asubiri kwanza. Na usije ukakipeleka kitabu kikabandikwe plastiki ya moto, hakitarudi kilivyokuwa. Kipige picha asubuhi, jua likiwa la ubavuni. Mwanga wa ubavu huonyesha mkwaruzo wa kalamu hata kama wino umekwisha.

Hicho ni kitabu cha baharia wa meli za Kiingereza. Usihangaike sana na jina, makarani waliandika walivyosikia. Shika namba. Nadhani ni namba ya usajili wa meli, na meli huwa nayo hiyo hiyo hata ikibadilishwa jina. Ukiwa na namba na mwaka unatafuta orodha ya mabaharia wa safari ile, yenye umri, alikozaliwa na meli aliyotoka. Orodha nyingi za hadi 1938 ziko Canada, Chuo Kikuu cha Memorial, Newfoundland. Lakini za miaka inayoishia na 5 zilitengwa, ziko makumbusho ya bahari ya Greenwich, London. Yako ya 1925 iko humo. Na tarakimu ya mwisho ikigoma kabisa, ni meli kumi tu za kuulizia.

Chapman Cohen si nahodha. Alikuwa mhariri wa gazeti hilo kuanzia 1915 hadi 1951. Lilianzishwa London mwaka 1881 na G. W. Foote, ambaye 1883 alifungwa kwa kosa la kukufuru. Lilikuwa gazeti la watu wa fikra huru, wasiokubali neno kwa sababu tu limesemwa na kiongozi wa dini. Mzee wako alikuwa na wenzake, na alisoma walichoandika.

Mtoto wa Bagamoyo

Marehemu baba alikuwa na kitabu kama hicho. VG maana yake "vizuri sana". Muhuri mmoja ni wa kazi, wa pili ni wa mwenendo.

Mama Kongwa

Mwanangu, mzee amepumzika. Pengine alitubu peke yake, hujui. Ukoo kumnyamazia ilikuwa kumsitiri.

Mjukuu wa Mvumi

Shikamoo mama. Nimekuelewa, lakini hakuiba wala hakuua, anasitiriwa nini? Alikataa tambiko mbele ya wazee, mchana kweupe. Nikimwandika kuwa alitubu nitakuwa nimemwandika mtu mwingine.

Karani, shikamoo na asante sana. Leo saa moja asubuhi nimepiga picha uani. Nikamweleza bibi habari ya ile mihuri miwili. Akauliza, "Hata mwenendo?" Nikasema hata mwenendo. Akaagiza sanduku lihamishiwe chumbani kwake, na shangazi hakusema kitu.

Tarakimu ya mwisho ni 1 au 7. Greenwich nitawaandikia zote mbili.