Tupeane uzoefu: mliosomea ushauri nasaha, maisha ya kwenu yaliwabeba au yaliwaangusha?

BintiKorosho

Wakuu habari za jioni. Shikamooni wakubwa.

Nilimaliza chuo miaka kadhaa iliyopita, ushauri nasaha, na kuna jambo linanikereketa kila nikiona wadogo zetu wanajiandaa kwenda field (mafunzo kwa vitendo). Chuoni tulikuwa tunaambizana kwamba mtoto wa shida ndiye mnasihi mzuri kwa sababu "ameshakomaa". Naomba tuliseme kwa yaliyotukuta, nadharia tuziache darasani. Naanza mimi.

Kwetu ni Mangaka, wilaya ya Nanyumbu. Baba ni mkulima wa korosho, kwa hiyo ada yangu ilikuwa juu ya mti. Mkopo nilipata nusunusu. Mwaka wangu wa pili ukaangukia msimu wa 2018, ule ambao wakulima waligomea minada kwa sababu ya bei, na hela ya baba ikaja mwaka mwingine kabisa. Boom, ile pesa ya kujikimu ya mkopo, enzi hizo ilikuwa 8,500 kwa siku, na wadogo zangu wawili walikuwa wanaisubiri kama ninavyoisubiri mimi.

Field nikapangiwa CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, Dar. Mteja wangu wa nne alikuwa mama aliyekatiza dawa za kufubaza virusi. Nikamuuliza kwa upole, kama tulivyofundishwa, nini kinamzuia kuja. Akanijibu: "Nauli, mwanangu." Basi. Dawa ni bure, ila zinakaa kliniki na yeye anakaa mbali. Nikampa elfu mbili yangu ya kurudia, nikatembea kwa mguu hadi geto. Msimamizi alipojua akaniwakia kwamba nimevuka mipaka ya taaluma. Alikuwa sahihi, nakubali. Lakini yeye alikuwa na gari.

Mwenzangu wa field alikuwa binti wa Mbezi Beach. Siku moja alitoka kwa mteja akaenda kulia chooni, jioni akarudi kwao, akala, akalala, kesho yake akaja mzima. Mimi sikulia hata mara moja. Ripoti yangu ikaandikwa "ana ustahimilivu mkubwa". Wiki ya sita nilikuwa naona mdomo wa mteja unatembea na sisikii neno. Nimekufa ganzi, na watu wananipongeza.

Haya, nani anafuata?

GetiKali

Dada, mimi ndiye huyo wa Mbezi Beach, ila wa kiume na wa Mikocheni 😂

Darasani kila tukifika mada ya umaskini natupiwa maneno: "wewe utamwelewa nani?" Na walikuwa na haki kidogo. Kijana mmoja wa bodaboda aliniambia anadaiwa kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, nikamuuliza kwa nini asiende tu benki. Alinitazama kwa huruma, akaanza kunielewesha taratibu. Siku ile sijui nani alikuwa mnasihi.

Ila niseme kitu ambacho sisi wa geti kali huwa tunakimeza. Nilipoelemewa, mama alinilipia mwanasaikolojia vikao vinane. Nilipofeli somo nililipia kurudia bila kuuza simu. Kuna mwenzetu aliacha mwaka wa tatu, sote tukasema hana moyo wa kazi hii. Juzi nimekutana naye, kumbe alikuwa anadaiwa kodi ya miezi mitatu. Yule jamaa alikuwa anasikiliza watu kuliko darasa zima.

PasiNdefu

Mnaongelea ustahimilivu, sisi tulioishi wanne chumba kimoja tukipiga pasi ndefu, mlo mmoja tu, toka asubuhi hadi usiku? Mteja analia na tumbo langu linanguruma, akaacha kulia akaniuliza "kaka, umekula?" Nilitamani ardhi ipasuke. Sina zaidi.

UmmuSalma

Mimi ni wa Kilifi. Wacha niseme la upande mwengine, maana naona mwaongea pesa tu.

Kozi yangu ilitaka nami niketi kwenye kiti cha mteja kwa saa kadhaa, na saa hizo najilipia mwenyewe. Pesa zilitoka kwenye mahamri. Nilikuwa naamka saa tisa za usiku kukanda unga. Hilo nililiweza. Lililonishinda ni kufungua mdomo. Nimelelewa kwamba ya nyumba hayatoki nje, na anayemsitiri mwenzake naye husitiriwa. Vikao vitatu vya mwanzo nilizungumza mvua na bei ya unga, nikilipa pesa za mahamri kuzungumza bei ya unga, hebu fikirini! Mshauri wangu, mama wa makamo, hakunisukuma. Kikao cha nne nikamtaja marehemu babangu, nikalia mpaka mtandio ukalowa.

Nyumbani shangazi alidhani nasomea kutibu wendawazimu, na wageni akiwaambia nasomea ualimu ili wasinikimbie. Lakini ni huyohuyo shangazi aliyekuwa akinibakishia chakula cha usiku. Kwetu Kenya sheria ya washauri na wanasaikolojia ya 2014 yataka usajili, na usajili una ada. Ada ile ilitoka kwenye chama chake cha kina mama, waliochanga bila kuelewa hasa nachangiwa nini. Sasa nikiulizwa kwetu kulinibeba au kulinifunga, sijui nijibu lipi, kwa sababu mtu ni mmoja.

MzeeMsimamizi

Marahaba wanangu. Nimesimamia vijana wa field kwa muda mrefu, na mimi ni mmoja wa hao waandikao "ana ustahimilivu". Naiombea radhi kalamu yangu.

Kuna utafiti tunaopenda kuutaja kwa nusu. Mwanasaikolojia Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, hadi wakawa watu wazima. Katika wale waliokulia kwenye umaskini na nyumba zenye misukosuko, kama theluthi moja walitoka watu imara, wenye kazi na familia zao. Mhadhiri hufunga kitabu hapo: mnaona, shida haimshindi mtu! Mimi nauliza, na theluthi mbili je? Halafu hao walioibuka, jambo lililojirudia ni kwamba walikuwa na angalau mtu mzima mmoja wa kuwashika mkono, awe bibi, mwalimu au jirani. Shangazi wa Kilifi, kwa mfano.

Mimi mwenyewe niliamka kwa aibu. Kijana mmoja alisinzia mbele ya mteja, nikamwandikia onyo. Mhudumu wa usafi ndiye aliyenidokeza kwamba yule kijana usiku analinda duka ili apate nauli ya kuja kwangu. Tangu hapo, mwanafunzi akiripoti namuuliza kwanza: unakaa na nani, mchana unakula wapi, na mzigo wa moyoni jioni unautua kwa nani? Siri ya mteja inabaki chumbani, nauliza mzigo wako wewe.

MamaWaQT

Mimi nilipata mimba kidato cha tatu, shule ikaniisha siku hiyohiyo. Ilikuwa kabla ya Novemba 2021, wasichana walikuwa hawajaruhusiwa kurudi. Nikauza vitumbua, nikafanya QT (mtihani wa maarifa kwa walio nje ya shule), nikarudia mtihani wa kidato cha nne, mpaka diploma ya ustawi wa jamii.

Wakanipeleka field shule ya sekondari. Binti wa kwanza kuletwa kwangu, mimba ya miezi minne. Wote mnadhani nilimfaa sana, eti? Nilimharibia. Nilimsimulia habari zangu dakika ishirini nzima, nikamwambia "mimi niliweza, na wewe utaweza". Alitikisa kichwa tu na hakurudi tena. Mimi nilikuwa na mama aliyemlea mwanangu nikienda masomoni. Yeye sikumuuliza hata kama ana mama.

MuhaLeicester

Huku Uingereza nako hakuna ahueni. Kozi yangu inadai saa 100 za kukaa na wateja, bila malipo, na msimamizi juu. Usiku nalea wazee kwenye nyumba ya kutunzia, asubuhi naingia kwa mteja na macho mekundu. Wenzangu wengi darasani ni kina mama ambao waume zao wanalipa nyumba. Wanapenda kuniambia wanavyostaajabia nguvu zangu. @PasiNdefu, nimecheka ila nimekuelewa.

Mwanafunzi_Yr2

Shikamooni. @BintiKorosho, yule mama wa nauli alirudi? Na mimi naenda field Mtwara mwezi ujao, sina ndugu kule.

BintiKorosho

Marahaba mdogo wangu. Alirudi mara moja, mara ya pili sikumwona, na muda wangu ukaisha. Muuguzi wa pale alikuja kumhamishia kituo cha karibu na kwake, karatasi moja tu. Mimi hata sikujua kama inawezekana, nilikuwa nawaza mfuko wangu.

Mtwara mjini nina dada yangu, ana chumba cha uani. Chakula cha jioni mnapika pamoja. Njoo PM nikupe namba.