Picha ikishatoka mkononi mwangu, maneno yangu bado yana uzito?

Mchoraji, Nakuru
Habari wadau. Nilichora nyumba ya mabati kando ya ziwa, maji yamefika dirishani, juu ya paa kuna godoro limekunjwa limefungwa na kamba ya katani. Mnajua vile ziwa limekuwa likipanda tangu 2010 hivi, watu wakahama, hata flamingo wengi wakaenda Ziwa Bogoria juu maji yalipoteza chumvi na chakula chao kikapungua. Sasa mimi nilikuwa namchora shosho yangu, ile siku alikataa kabisa kuacha godoro lake. Lakini kila anayeiona anasema ni picha ya serikali kutelekeza watu, na nikieleza, mmoja akaniambia ati nia yangu haihesabiki, kazi ishatoka. Kweli haihesabiki? Imeniuma.

Mwalimu wa fasihi, Kakamega
Pole ndugu. Hiyo hoja ni ya zamani, 1946 Wimsatt na Beardsley kule Marekani waliandika kwamba nia ya mtunzi si kipimo cha kazi yake, alafu 1967 Roland Barthes wa Ufaransa akatangaza "kifo cha mwandishi", yaani maana ni ya msomaji, si ya aliyeandika. Mimi nawakubali nusu. Wanafunzi wangu wanakariri dhamira ya mwandishi kutoka kwa mwongozo na setibuku yenyewe hawajaifungua, ukiwauliza ni ukurasa gani unaonyesha hivyo, kimya. Kwa hivyo nakuuliza, huyo shosho yuko kwa picha? Kama tunaona godoro na maji tu, usitulaumu.

Wa Kondele, Kisumu
Omera, angalia Unbwogable ya Gidi Gidi Maji Maji. Wale vijana wamesema waliimba shida zao za kutafuta riziki kwa muziki, lakini 2002 muungano wa upinzani, NARC, wakaichukua ikawa wimbo wa kampeni, na hadi leo ikipigwa huku watu wanakumbuka uchaguzi. Wimbo haukuharibika, uliongezeka.

Wa Migori
Sawa, lakini mbona hamumtaji D.O. Misiani? Alizaliwa Shirati upande wa Tanzania, akafanya muziki wake huku hadi akafariki 2006, nyimbo zake zimejaa mafumbo na zilimfanya akamatwe na hata kurudishwa kwao juu wakubwa walisikia siasa ndani yake. Sasa tukisema maana ni ya msikilizaji peke yake, polisi naye ni msikilizaji, na yeye ana pingu. Msanii akinyimwa haki ya kusema "sikumaanisha hivyo" tumemwacha bila kinga yoyote. Najua mtu atauliza, kwani si alimaanisha siasa kweli? Pengine, fumbo ni mlango ulioachwa wazi, lakini ni yeye aliuacha, kwa kujua, kwa hivyo hata huko kuwaachia watu wajazie ilikuwa nia yake. Usikubali wakuambie haihesabiki.

Mchoraji, Nakuru
Asanteni sana. Mwalimu, ni kweli shosho hayuko kwa picha, na sitamwongeza, godoro linatosha. Ila nilikuwa nimeiita "Mafuriko", nitaibadilisha iwe "Godoro la Shosho". Atakayeona serikali aione, bora aanze na yeye.

Mwalimu wa fasihi, Kakamega
Hapo nakubali, jina ni sehemu ya kazi. Lakini usibandike maelezo marefu ukutani, watu watasoma karatasi waache picha.