Zohran Mamdani: ubunge wa Albany ulitosha kumpa jiji la New York?

Mzawa wa Tukuyu
Wakuu habari za jioni. Huyu kijana Zohran Mamdani mnamshangilia sana ila kuna kitu hakinikai sawa. Mwaka 2020 hakuna aliyemjua, akambwaga Aravella Simotas kwenye kura za maoni za chama cha Democratic pale Astoria, Queens, tena kwa kura mia chache, Januari 2021 akaingia Bunge la jimbo la New York kule Albany, makao makuu ya jimbo, akarudi 2022 na 2024, halafu tarehe 1 Januari 2026 anaapishwa meya wa jiji lenye watu zaidi ya milioni 8 akiwa na miaka 34. Miswada yake iliyogeuka sheria mitatu kama sikosei. Kazi ya kuendesha jiji kaijulia wapi? Kusimama bungeni na kuhakikisha taka zinazolewa ni kazi mbili tofauti. Na tusimpambe kwa vile kazaliwa Kampala, yule ni Mhindi wa kupita tu.

Dada wa Nyamagana
Samahani kaka, mbunge wa jimbo si ndiyo hawa wetu? Mbona unamfanya mdogo?

Mtu wa Eastleigh
Hapana dada, jimbo la kwao ni kama nchi ndani ya nchi, lina gavana wake na mabunge mawili, lile alilokuwemo lina viti 150. Bunge la taifa kule Washington hakuwahi kukaa. Huku Kenya ni kama MCA ametoka bunge la kaunti akashinda ugavana wa Nairobi.

Mwana Jinja
Tukuyu, umeanza vizuri ukamalizia vibaya. "Wa kupita" maana yake nini? Baba yake, Profesa Mahmood Mamdani, kakulia Kampala. 1972 Amin akawapa Wahindi siku 90, akaondoka kama wenzake, akaja kufundisha hapo kwenu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Amin alipoanguka akarudi Uganda. Wangapi walirudi? Mtoto akampa jina la kati Kwame, la Nkrumah. Sisi Jinja mpaka leo ukitembea Main Street unakuta majina ya Kihindi yamechongwa juu ya milango na mwaka duka lilipojengwa, rangi imepakwa mara kumi na herufi bado zinasomeka. Nimekua naziona hizo herufi kila siku ya shule. Usiniambie walikuwa wanapita.

Mzawa wa Tukuyu
Mwana Jinja sijamtukana mtu. Ila 2009 akiomba kuingia Chuo Kikuu cha Columbia alijaza kwenye fomu kwamba ni wa Asia na pia ni Mweusi, gazeti la New York Times ndilo lililoandika. Kile kisanduku cha Mweusi kiliwekwa kwa ajili ya watoto ambao babu zao waliuzwa mnadani. Hapo ndipo aliponiudhi, na nitabaki nimeudhika.

Mwana Jinja
Na chuo hakikumchukua, baba yake akiwa profesa hapo hapo! Mwenyewe alieleza kwamba hakukuwa na kisanduku cha Mhindi wa Uganda, na akaongezea kuandika Uganda. Alikuwa bado mwanafunzi wa sekondari, wewe ungeandika nini?

Mtu wa Eastleigh
Huku tulimaliza hii story 2017, serikali ikatambua Wahindi kama kabila la 44.

Dada wa Nyamagana
Mmeimaliza kwenye karatasi kaka yangu. Mimi nimeuza kwenye duka la vitambaa la Mhindi miaka sita, mwenye duka hakuwahi kuniita jina langu, ni "wewe" kutoka asubuhi mpaka tunafunga, na chai nilikuwa na kikombe changu peke yangu kimewekwa dirishani kisichanganyike na vyao. Simchukii Zohran, wala hakunikosea. Lakini mtu akiniambia ni ndugu zetu moja kwa moja nakikumbuka kile kikombe.

Mwana Jinja
Pole sana dada. Hilo silipingi hata kidogo. Ila kwenu huko huko alikuwepo Amir Jamal, waziri wa fedha wa Mwalimu, mbunge wa Morogoro, na waliompigia kura ni Waafrika. Yule naye wa kupita?

Mzawa wa Tukuyu
Jamal alikaa na watu wa Morogoro miaka na miaka! Usimfananishe na mtu aliyeondoka Afrika akiwa mtoto wa miaka saba.

Dereva wa Harlem
Ndugu zangu shikamooni wakubwa. Swali lilikuwa kazi yake Albany, na mimi niko huku. Mnajua medali ya teksi ya njano? Ni kibao cha bati kinachopigiliwa kwenye boneti, bila hicho hubebi abiria, na 2014 kimoja kilipita dola milioni moja. Watu walikopa wakanunua, bei ikaanguka, deni likabaki, wengine wakajiua. Oktoba 2021 madereva wakakaa nje ya ofisi za jiji wanagoma kula, na Mamdani akagoma nao siku 15 mpaka wakakubaliwa, mkopo ukashushwa usizidi dola 170,000 na jiji likasimama mdhamini. Huo si mswada wala hauhesabiwi Albany. Lakini sisi tunaoshika usukani tuliona nani alikuwa amekaa kwenye ile baridi.

Mzawa wa Tukuyu
Kijana marahaba. Hiyo ni huruma, naiheshimu. Utawala ni kitu kingine. Kaahidi mabasi ya bure, na shirika la mabasi MTA liko chini ya jimbo, meya hana amri nalo. Kodi za matajiri zinapandishwa Albany. Kaahidi mali ya mwenzake.

Dereva wa Harlem
Mzee ndiyo maana ule ubunge una maana. Yeye na mwenzake wa Seneti ndio waliopigania Albany majaribio ya mabasi ya bure, laini tano, Septemba 2023 mpaka mwisho wa Agosti 2024. Moja ilikuwa M116 ninayopanda mimi. Nauli wakati ule ilikuwa dola 2.90, ila kwenye hizo laini mama ana watoto na mifuko ya soko anapanda tu, hatafuti kadi wala chenji. Halafu ikakatwa. Kaona mwenyewe kitu kinavyopatikana kule na kinavyonyang'anywa.

Mtu wa Eastleigh
Ikakatwa akiwa bado mbunge, si ndiyo hoja ya mzee?

Dada wa Nyamagana
Dereva mdogo wangu, hao madereva waliogoma, Wahindi walikuwepo?

Dereva wa Harlem
Wengi dada. Wabangladeshi, Wapakistani, Wahindi, Wahaiti, Waafrika wa magharibi. Chai tulikunywa wote vikombe vile vile vya karatasi. Naingia zamu, mzee suala la MTA nitakujibu nikitoka.