Mkanda na ambreyaji za pikipiki za zamani: tupeane uzoefu

Mwenye mada, Lubumbashi
Jana mwenzetu aliuliza kama mkanda wa praimari (ule unaopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi badala ya mnyororo) utaponya ambreyaji, yaani klachi, inayoteleza ya pikipiki ya Norton Commando; swali hilo limenisukuma niandike. Jamani, kabla ya kununua mkanda, fungueni ambreyaji! Mafuta ya giaboksi hufuata ile fimbo ndefu ya kusukuma ambreyaji, ndani ya shafti ya giaboksi, mpaka kwenye diski za ambreyaji. Hata uweke mkanda wa bei gani, ambreyaji itateleza. Sili ya hiyo fimbo kwanza. Halafu zipange diski zote, pima unene wake kwa pamoja: usipokuwa sawa springi ya sahani inakaa vibaya, mkono wa ambreyaji unakuwa mzito au ambreyaji inateleza.

Kadutu
Hilo la sili ni kweli tupu, mzee.

Goma
Mimi naogopa mkanda kukatika kwenye mteremko. Injini inalia peke yake, haizuii gurudumu tena, unabaki na breki za ngoma ambazo zikipata moto hulegea. Na huku kwetu kinachoua mkanda ni mawe ya lave. Kajiwe kama punje ya mchele kakiingia kati ya mkanda na puli, nyuzi za ndani zinakatika na juu huoni kitu. Utoe, uukunje taratibu, chungulia chini ya meno. Ukiona ufa mwembamba kama unywele, tupa. Ila usizibe kava lote, mkanda unataka hewa. Matundu yafunike kwa wavu.

Katuba
Kaza vizuri tu, hautaruka meno.

Mwenye mada, Lubumbashi
Hapana ndugu yangu! Alumini ikipata moto inatanuka, mkanda unajikaza wenyewe na beringi za giaboksi zinakufa. Injini ikiwa baridi, ukibonyeza katikati ushuke kama milimita 10. Zungusha injini, pima palipokaza zaidi.

Katuba
Milimita 10 ni nyingi.

Kadutu
Pima ikishapata moto, utaona zimebaki ngapi.

Bagira
Na Triumph Bonneville ya 1971?

Mwenye mada, Lubumbashi
Hiyo giaboksi haisogei ili ukaze au ulegeze mkanda, kwa hiyo urefu wa mkanda uwe kamili. Tena injini inapumulia ndani ya kava la praimari, mkanda unamokaa, kupitia matundu matatu madogo. Yazibe, weka sili kwenye krenki, kisha uitafutie njia nyingine ya kupumua, la sivyo mafuta yatatokea kwenye gasketi. Diski nazo ziwe za kufanya kazi kavu.

Goma
Na kwa hiyo Bonneville, ukivuta mkono wa ambreyaji, piga kiki uangalie sahani ya nje ya ambreyaji. Ikiyumba, rekebisha nati za springi moja moja mpaka inyooke.