Kura tatu 1958: kwa nini TANU iliingia uchaguzi uliotungwa kuizuia?

Mdadisi:
Wakuu, salaam. Kila nikisoma habari za uhuru wa Tanganyika nakutana na mambo mawili ninayoshindwa kuyapatanisha. Kwanza, tunaambiwa kura tatu ulikuwa mtego wa Twining, Gavana wa Kiingereza, wa kuwapa Wazungu kama 20,000 viti sawa na Waafrika zaidi ya milioni nane. Pili, TANU iliingia humohumo na kutoka na ushindi. Mtego gani huo unaomneemesha aliyetegewa?

Naomba mwenye ujuzi aeleze karatasi ya kura ilijazwaje, nani alikuwa na haki ya kupiga, na mkutano wa TANU wa Tabora, Januari 1958, ulibishania nini hasa. Maelezo mengi yanataja "Uamuzi wa Busara" (yaani uamuzi wa Tabora wa kushiriki uchaguzi), yanaweka nukta, kisha yanaruka hadi 9 Desemba 1961. Nawasilisha.

Kasiki:
Mkuu, mkanganyiko unaanzia kwenye jina. Wengi hudhani kura tatu maana yake kila rangi ilikuwa na daftari lake: Mzungu anamchagua Mzungu, Mhindi Mhindi, Mwafrika Mwafrika. Sivyo. Daftari lilikuwa moja. Nchi iligawanywa majimbo kumi ya uchaguzi, kila jimbo viti vitatu, kimoja kwa kila rangi, jumla 30. Mpiga kura, awe nani, alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Akitia alama kwa Mwafrika peke yake na kuacha kwingine patupu, karatasi nzima imeharibika.

Neno "alilazimika" ndilo la kushika. Sharti hilo liliwekwa ili Waafrika wasiwapuuze wagombea wa rangi nyingine. Sasa piga hesabu. Chukua jimbo la wapiga kura 1,000: Waafrika 600, Waasia 280, Wazungu 120 (namba za kufundishia tu, si za jimbo lolote halisi). Wazungu wawili wanagombea kiti cha Mzungu. Wa kwanza akizoa kura zote za Wazungu na za Waasia pia, ana 400. Mwenzake akiungwa mkono na Waafrika, ana 600 na kiti ni chake. Yaani sheria iliyotungwa kumlinda Mzungu ilimkabidhi Mwafrika uamuzi wa Mzungu yupi aingie katika Baraza la Kutunga Sheria.

TANU ililiona hilo. Wakati ule haikuandikisha wanachama wasio Waafrika (mlango huo ulifunguliwa 1963), kwa hiyo iliwaunga mkono Wazungu na Waasia ambao hawakuwa hata na kadi yake: Derek Bryceson, Lady Marion Chesham, Amir Jamal, Sophia Mustafa. UTP (United Tanganyika Party), chama kilichozaliwa 1956 kwa baraka za Twining, kikabaki kinawaomba Waafrika kura kwa sera ambayo Waafrika hawaitaki.

Geuza hesabu upande wa pili. Wale 600 wakisusa, 400 waliobaki wanachagua wote watatu, pamoja na huyo Mwafrika. Kiti cha Mwafrika kinakwenda kwa mtu wa UTP na Baraza la Kutunga Sheria linafunguliwa kama kawaida. Gavana angepata Waafrika kumi, halali kisheria, wa kuwaonyesha Umoja wa Mataifa, ambao Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wake. Kususa kunafaa pale ambapo ukikosekana wewe shughuli inasimama, na hapa isingesimama.

Upigaji ulifanyika kwa awamu mbili: majimbo matano Septemba 1958, matano Februari 1959. Awamu ya pili ilikuwa kama kukamilisha taratibu, nafasi nyingi zilipita bila kupingwa.

Bibi Wino:
Kasiki kaeleza vizuri, ila hesabu ni rahisi ukiifanya leo. Januari 1958 haikuwa rahisi hata kidogo, na sababu ni masharti ya kujiandikisha. Uwe na miaka 21 na ukaazi, halafu uwe na moja kati ya haya: elimu ya darasa la nane, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au cheo kinachotambuliwa na serikali, kama uchifu. Pauni 150 ni shilingi 3,000, yaani 250 kwa mwezi. Kuli wa bandarini hana. Mkulima mdogo wa pamba hana. Kina mama waliouza kadi nyumba kwa nyumba pamoja na Bibi Titi Mohamed, wengi wao hawana. Waliokijenga chama waliambiwa wakae nje wasubiri wenzao wawapigie. (Na kwa kukutana tu kwa namba: Agosti 1958, Nyerere alipotiwa hatiani kwa kashfa iliyoandikwa katika Sauti ya TANU, jarida la chama, faini ilikuwa pauni 150 hizohizo au kifungo cha miezi sita. Alilipa.)

Kwa hiyo ubishi wa Tabora haukuwa wa rangi peke yake. Wapo waliosema kuingia ni kukiri kwamba watu 20,000 wana uzito sawa na mamilioni, na ukishakiri huwezi kurudi nyuma. Zuberi Mtemvu alisimama hapo, akashindwa, akatoka na kuunda chama chake, African National Congress (ANC). Lakini kulikuwa na lingine ambalo masimulizi mengi hulipita kimya. Shule za kumfikisha mtu darasa la nane nyingi zilikuwa za misheni. Maana yake wapiga kura na wagombea wangekuwa Wakristo kupita kiasi, ilhali Waislamu wa Dar es Salaam na pwani ndio waliokuwa wamekibeba chama. Sheikh Suleiman Takadir, aliyeongoza Baraza la Wazee la TANU, alilisema hilo waziwazi na akafukuzwa chamani 1958. Unaweza kukubali kwamba Tabora waliamua vyema na bado ukaona kwamba hoja hiyo haikujibiwa.

Tena uamuzi ulikuwa na mkia ambao hautajwi: tunashiriki, lakini serikali ya madaraka isipopatikana ndani ya 1959, ni mgomo nchi nzima. Tishio hilo lilikuwa na uzito, kwa sababu mwezi mmoja tu kabla, Desemba 1957, Nyerere alikuwa amejiuzulu ujumbe wa kuteuliwa katika Baraza.

Mdadisi:
Shukrani sana, sasa nimeona mtego ulivyomnasa mtegaji. Maswali mawili ya mwisho: kura tatu iliondolewa lini? Na historia ilimhukumuje Mtemvu?

Ngalawa:
Twining aliondoka 1958, akaja Richard Turnbull, na hali ya hewa ya kisiasa ikabadilika. Uchaguzi wa Agosti 1960 haukuwa tena wa kura tatu. Viti vilikuwa 71: 50 vya wazi kwa yeyote, 11 vya Waasia, 10 vya Wazungu. Kipato kilishushwa hadi pauni 75, au ujue tu kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Viti 58 havikuwa na mpinzani kabisa. TANU ilichukua 70 na kupoteza Mbulu tu, na hata hapo mshindi, Herman Sarwatt, alikuwa mwana-TANU aliyemgomea mgombea rasmi wa chama. Ule mgomo wa nchi nzima haukuitishwa.

Kuhusu Mtemvu, ukimpima kwa kura, alifutika. Novemba 1962 aligombea urais: Nyerere 1,127,978, yeye 21,276. Mimi naona hicho ni kipimo kibovu, maana hoja yake, kwamba nchi ni ya Waafrika kwanza, ilirudi kupitia TANU yenyewe. Oktoba 1961, kwenye muswada wa uraia, wapo wajumbe wa chama waliotaka uraia ufuate rangi, mpaka Nyerere akasema serikali yake itajiuzulu muswada ukivurugwa. Januari 1962 aliuachia uwaziri mkuu, Rashidi Kawawa akaushika, na uafrikanishaji wa kazi za serikali, yaani kuwaweka Waafrika kwenye nafasi za wengine, ukakaza mwendo. Tarehe 7 Januari 1964 Nyerere alitangaza kwamba ubaguzi wa rangi katika ajira hizo, yaani kuwapendelea Waafrika kuliko raia wengine, umekwisha. Tarehe 20 mwezi huohuo askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi, wakidai mishahara na wakitaka maofisa Waingereza waondoke.

Bibi Wino:
Mdadisi, ukiandika usichanganye tarehe, hapo ndipo wengi hukosea. Septemba 1960 ni serikali ya madaraka, Nyerere akiwa Waziri Kiongozi. 1 Mei 1961 ni madaraka kamili ya ndani, sasa ni Waziri Mkuu. 9 Desemba 1961 ni uhuru, lakini mkuu wa nchi bado ni Malkia wa Uingereza, na Turnbull yuleyule amebaki kama Gavana Mkuu. Jamhuri ni 9 Desemba 1962.