Mjadala: Je, ilikuwa haki kuwagawia wagonjwa wa Ebola dawa kwa kura?

Mwanzisha mada, Himbi, Goma

Kuanzia Novemba 2018, katika vituo vya matibabu vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina, mashariki mwa Kongo, wagonjwa 681 wa Ebola waliingizwa katika utafiti ambamo kila mmoja alipangiwa kwa kura dawa moja kati ya nne. Kati ya waliopata ZMapp, karibu nusu walifariki ndani ya siku 28. Kati ya waliopata mAb114, iliyotokana na kingamwili za mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995, walifariki asilimia 35. Naona waliopewa ZMapp walidhulumiwa. Karibuni kwa hoja.

Mchangiaji, Katindo

Ndugu yangu, unaihukumu siku ya kwanza kwa habari za siku ya mwisho. ZMapp ilikuwa imekwisha kujaribiwa Afrika Magharibi, na ndiyo sababu iliwekwa kuwa kipimo cha dawa nyingine. Lau madaktari wangeachiwa wachague wenyewe, huenda wengi wangempa mgonjwa aliyezidiwa dawa hiyo hiyo unayoilaumu, na akifa tusingejua kama ni dawa iliyoshindwa au ni ugonjwa uliokuwa umekwisha kumla. Kila siku ambayo mgonjwa alikaa nyumbani na homa ilimpunguzia nafasi ya kupona. Kura huwachanganya waliowahi na waliochelewa katika makundi yote, ili dawa zilinganishwe kwa haki. Wala hakuna aliyepewa maji matupu. Kamati iliyokuwa ikichungulia takwimu njiani ilishauri kura isimamishwe Agosti 2019, kabla ya kufikia wagonjwa 725 waliokusudiwa, kwa kuwa tofauti ilikwisha kuonekana.

Kinachonisumbua mimi ni ridhaa. Mtu mwenye homa kali, aliyezungukwa na watu waliofunikwa hadi macho, ataelezwaje kwa Kinande habari ya kura, asidhani ni kamari?

Mchangiaji, Majengo

Mimi nawarudisha hapa nyumbani. Novemba 2019 chanjo ya pili ya Ebola, ile ya Johnson & Johnson, ililetwa kwetu Majengo na kwa jirani zetu wa Kahembe, dozi mbili zikiachana siku 56, na watu zaidi ya 20,000 walipata ya kwanza. Lakini Goma ilikuwa imepata wagonjwa wanne tu, tena Julai na Agosti. Pasipo wagonjwa, waliochanjwa na wasiochanjwa hawana cha kulinganishwa, hata ukichanja mji mzima. Kule Beni idadi iliweza kulijibu swali lililoulizwa; hapa haikuweza. Atakayesema kwamba ilikuwa kinga tu, wala si utafiti, aeleze basi kwa nini tulitia saini karatasi ya ridhaa.

Mwanzisha mada

Kuhusu kura nimerudi nyuma. Kuhusu ridhaa bado: ningependa mtu aliyefanya kazi katika vituo vile atueleze ni nani aliyetia saini pale mgonjwa alipokuwa hajitambui, na kama jamaa huyo aliwahi kurudishiwa matokeo.