Mwalimu wa kuzamia aniambia "cheti hakipumui" mbele ya darasa zima

Wanajukwaa, nimetoka bwawani sasa hivi, nywele zinanuka klorini, na hasira niliyo nayo ingeweza kuyachemsha maji yote ya bwawa lile. Nyote mnaozamia hapa Nairobi mnamjua, kwa hiyo sina haja ya kumtaja.

Nilimuuliza kwa adabu kama ana cheti cha kuzamia peke yake, kwa kuwa hutusimulia kila mara jinsi anavyoshuka Diani bila mwenza kufunga kamba ya boya kabla ya wageni kuingia majini. Akawageukia wenzangu waliojifunga taulo, akasema: "Cheti hakipumui chini ya maji." Wakaangua kicheko, nami nimekumbatia mtungi kama mtoto aliyetumwa gesi.

Kozi hiyo ipo. SDI na PADI, mashirika yanayotoa vyeti vya kuzamia, humtaka anayeiomba awe ameshazamia angalau mara 100, kisha humfundisha kubeba chanzo cha pili cha hewa na kupiga hesabu ya matumizi yake, maana kwenye kina cha mita 30 shinikizo ni mara nne ya lile la juu, na hewa huisha kwa kasi hiyo hiyo. Tena mwalimu anayeongoza wanaoanza yuko peke yake hata akifuatwa na wanafunzi wanne, kwani nani kati yetu, tunaomeza maji tukivua miwani tu, atamwokoa? Halafu aniambie cheti hakipumui!

Mzamiaji wa Lang'ata: Ndugu, hujamaliza hata kozi ya kwanza na tayari unamkagua mwalimu. Amesomea uokoaji.

Mwenye uzi: Amesomea kuniokoa mimi. Yeye mwenyewe mtungi wake wa akiba uko wapi? Na kwa nini aniambie vile mbele ya watu?

Binti Kasarani: Wewe ulichekwa tu. Mwalimu wangu kule Watamu alimfuata kasa na kamera yake akaniacha, nikawa mzamiaji wa peke yake bila kozi wala ridhaa.

Baba Imani: Afadhali kasa. Sisi tulikodishiwa vifaa vya kupumulia vinavyovuja, tukaambiwa mapovu ni ya kawaida.

Binti Kasarani: Vilivuja mdomoni au kwenye valvu ya mtungi? Changu kinavuja tangu Pasaka na fundi hapokei simu.

Baba Imani: Mdomoni. Fundi yupi, yule wa Industrial Area? Hata mimi amekaa na changu.